George Enescu, Mpiga Fidla wa Rumania

1. Mtoto na kipande cha mti

Upande wa mashariki wa Ulaya iko nchi iitwayo Rumania. Ni nchi ya milima, ya misitu, na ya mashamba mapana ya ngano na mahindi. Kaskazini ya nchi hiyo, katika kijiji cha Liveni, alizaliwa mtoto mwanamume tarehe 19 Agosti 1881. Wazazi wake wakamwita George. Baba yake, Costache Enescu, alikuwa msimamizi wa mashamba. Babu yake alikuwa padri wa Kanisa la Kiorthodoksi.

Katika nyumba ile furaha ilichanganyika na hofu. Wazazi walikuwa wamekwisha kuzaa watoto wengine mbele yake, nao wote walikufa wangali wadogo. Basi huyu mmoja walimlinda kama mboni ya jicho. Mama yake aliogopa upepo, aliogopa baridi, aliogopa kila kikohozi.

Siku moja, George akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, alisikia kundi la wapigaji wa muziki. Walikuwa Waroma, watu waliozoea kwenda kijiji hata kijiji kupiga vyombo vyao kwenye arusi na sikukuu. Kati ya vyombo hivyo mlikuwa na fidla.

Fidla ni chombo cha mti, nacho chafanana kidogo na zeze. Kina nyuzi nne. Mpigaji hukiweka begani, chini ya kidevu. Vidole vya mkono wa kushoto hubana nyuzi, na mkono wa kuume huvuta upinde uliofungwa nywele za mkia wa farasi. Ni chombo kigumu kujifunza, maana hakina alama ya kuonyesha mahali pa kuweka kidole. Kidole kikikosa mahali pake, hata kidogo tu, sauti huharibika.

Mtoto aliwasikiliza Waroma wale, asisogee. Kesho yake akatafuta kipande cha mti, akafunga uzi juu yake, akajifanya anapiga fidla. Wazazi walipomwona wakacheka, wakamnunulia fidla ndogo ya kuchezea, yenye nyuzi tatu. George akaitazama, akaona kwamba si fidla ya kweli, akaitupa motoni. Hakutaka mchezo. Ndipo wazazi wakafahamu, wakampa fidla ya nyuzi nne. Mroma mmoja mpigaji akamwonyesha njia ya kuishika na kuvuta upinde. Mwalimu huyo hakufundisha kwa kitabu, bali kwa sikio: alipiga, na mtoto akafuatisha.

2. Safari ya Vienna

George alipofika umri wa miaka mitano, baba yake akamchukua mpaka mji wa Iași, kwa fundi mkubwa wa fidla, Bwana Eduard Caudella. Watu husimulia kwamba fundi alimwuliza mtoto kama ajua kupiga, naye mtoto akamjibu bila haya kwamba yeye Bwana apige kwanza, ili ionekane kama anajua. Baba akaona haya, lakini fundi hakukasirika. Alimsikiliza mtoto, akamwambia baba ampeleke kwanza kujifunza kusoma alama za muziki, kiisha amrudishe.

Waliporudi, Bwana Caudella aliona kwamba mtoto huyu amepewa kipaji kikubwa, tena kwamba Iași haitamtosha. Akawashauri wazazi wampeleke Vienna, mji mkuu wa Austria, wenye chuo cha muziki chenye sifa katika Ulaya yote.

Shauri hilo lilikuwa zito. Mtoto alikuwa na umri wa miaka saba tu, naye ndiye aliyebaki peke yake. Wazazi walioogopa upepo na baridi walitakiwa sasa kumwachia mji wa mbali na watu wa lugha nyingine. Lakini walikubali. Mwaka 1888 George aliingia katika chuo cha Vienna, akakaa kati ya vijana waliomzidi sana kwa umri na kwa kimo.

Mwalimu wake wa fidla, Bwana Joseph Hellmesberger, alimpokea akae katika nyumba yake mwenyewe. Humo George alisikia muziki asubuhi na jioni. Katika Vienna alimwona kwa macho yake mtungaji mashuhuri Johannes Brahms, akapiga fidla kati ya wanafunzi waliopiga nyimbo zake. Mwaka 1889, siku za likizo, alirudi Rumania akapiga mbele ya watu katika mji wa Slănic. Alikuwa hajatimiza miaka minane.

Watu walianza kumsifu. Methali yasema, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Watoto wengi wenye kipaji wameharibika kwa sifa, wakaacha kujifunza. George hakuacha. Mwaka 1893, bila kutimiza bado miaka kumi na mitatu, alimaliza masomo ya Vienna, akapewa nishani ya fedha.

3. Kijana katika Paris

Mwaka 1895 alikwenda Ufaransa, akaingia katika chuo kikubwa cha muziki cha Paris. Alijifunza fidla kwa Bwana Marsick. Lakini alijifunza pia kazi nyingine aliyoipenda zaidi, yaani kutunga muziki. Walimu wake wa utungaji walikuwa Massenet, kisha Gabriel Fauré.

Kutunga si sawa na kupiga. Mpigaji huamsha muziki ulioandikwa na mwingine. Mtungaji husikia sauti moyoni mwake zisizosikiwa bado na mtu yeyote, akaziandika moja moja kwenye karatasi: hii ya fidla, hii ya filimbi, hii ya tarumbeta, hata watu themanini waweze kupiga pamoja bila kugongana.

Tarehe 6 Februari 1898, wapigaji wa Paris walipiga mbele ya watu muziki wake ulioitwa Shairi la Kirumania. Mtungaji alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Watu wa Paris walisikia ndani yake kijiji, jioni, na ngoma za sikukuu za nchi wasiyoijua. Kijana yule hakuona haya kwa ajili ya kwao. Mbele ya wakubwa wa Paris alileta nyimbo za wakulima na za Waroma waliomfunulia masikio.

Mwaka 1899 alipata zawadi ya kwanza ya fidla katika chuo cha Paris. Mwaka 1901 alimaliza Rapsodia mbili za Kirumania, nyimbo za vyombo vingi zilizojaa michezo ya kwao. Hizo zilienea duniani kote, na mpaka leo zapigwa. Malkia Elisabeth wa Rumania alimpenda, akamkaribisha kupiga katika jumba lake huko Sinaia, milimani.

4. Fidla na kalamu

Sasa Enescu alikuwa mtu mkubwa. Alizunguka Ulaya akipiga fidla, na miji ikagombea kumwita. Mwaka 1923 alivuka bahari mpaka Marekani. Huko alipiga fidla, tena akaongoza makundi makubwa ya wapigaji. Alipiga piano pia, kwa ustadi ambao wengine huupata kwa kuifanya kazi hiyo peke yake maisha yote.

Lakini ndani ya moyo wake mlikuwa na mvutano. Fidla ilikuwa kama jembe lake: ndiyo iliyomlisha. Kalamu ya mtungaji ndiyo aliyoipenda, na kalamu hailishi mtu upesi. Kila mwaka alisema moyoni kwamba atapunguza safari akae kwake atunge. Kila mwaka barua zilifika, na watu walingoja. Basi alitunga njiani, kati ya mji mmoja na mwingine, usiku, ao katika siku chache za mapumziko.

Kazi yake moja yaonyesha vema saburi hiyo. Mwaka 1910 alianza kuwaza opera, yaani mchezo ambao watu huimba maneno yao badala ya kuyasema. Kisa chake ni kile cha kale cha Wayunani, cha mfalme Oedipus. Aliiandika, akaiacha kwa ajili ya vita, akairudia, akaiacha kwa ajili ya safari, akairudia tena. Aliimaliza mwaka 1931. Ilipoimbwa mara ya kwanza katika jumba la opera la Paris ilikuwa mwaka 1936. Miaka 26 ilikuwa imepita.

Kwa hiyo hakuacha vitabu vingi. Muziki alioutia namba mwenyewe ni namba 33 tu. Wengine waliotunga wakati ule waliacha mara mbili ao mara tatu ya hiyo. Enescu alikuwa nacho kipaji cha kuandika zaidi. Hakuwa na siku. Siku zake alizigawa kwa watu.

Kumbukumbu yake ilishangaza kila mtu. Aliweza kukaa kwenye piano na kupiga bila kitabu muziki mwingi wa Bach, wa Beethoven na wa Wagner. Mwaka 1927, rafiki yake Maurice Ravel alimletea muziki mpya wa fidla na piano, ambao wino wake ulikuwa mbichi bado. Walipiga pamoja mara moja, Enescu akisoma karatasi. Kiisha Enescu akafunga karatasi, akapiga yote tena toka mwanzo mpaka mwisho, bila kuzitazama.

5. Muziki katika hospitali

Mwaka 1914 vita kubwa ilianza katika Ulaya. Mwezi wa Agosti 1916 Rumania nayo iliingia vitani. Mambo yakawa mabaya. Mwezi wa Desemba mwaka ule majeshi ya Wajerumani na wenzao waliteka Bucharest, mji mkuu. Mfalme, serikali, askari na wakimbizi wengi walikimbilia Iași, mji uleule alimokuwa akikaa Bwana Caudella. Mji ukajaa watu kupita kiasi. Chakula kikapungua, baridi ikawa kali, na ugonjwa wa tifusi, uletwao na chawa, ukaua watu maelfu.

Mtu mwenye jina kubwa kama Enescu angeweza kukaa Paris ao kwenda Marekani, mbali na mizinga. Lakini alibaki kati ya watu wake. Alichukua fidla yake, akaingia katika hospitali za askari. Alipiga kando ya vitanda vya watu waliokatwa miguu, na vya watu waliojua kwamba hawatarudi nyumbani. Hapo hapakuwa na taa nzuri wala nguo za sikukuu. Palikuwa na harufu ya dawa na ya vidonda. Fidla haiponyi kidonda. Lakini askari aliyelala peke yake na maumivu yake alisikia kwamba mtu amekuja kwa ajili yake.

Mwaka 1917, katika mji ule wa njaa, Enescu alikusanya wapigaji waliotawanyika, akafanya nao orkestra, yaani kundi kubwa la wapigaji wa vyombo mbalimbali. Fedha zilizopatikana mara nyingi zilikwenda kwa wagonjwa na maskini.

Hata kabla ya vita alikuwa amezoea kutoa. Mwaka 1912 aliweka zawadi, kwa fedha aliyoipata kwa fidla yake, ili watungaji vijana wa Rumania wapate kutiwa moyo. Vijana wengi waliopata zawadi hiyo wakawa baadaye waalimu wa muziki katika nchi yao.

6. Mtoto aliyekuja alfajiri

Jioni moja ya mwaka 1927, katika Paris, Enescu alikuwa amemaliza kupiga mbele ya watu. Mtoto wa Kimarekani wa miaka kumi akaja kwake, akamwomba amfundishe. Jina lake lilikuwa Yehudi Menuhin. Alikuwa amemsikia Enescu akipiga huko San Francisco, na tangu siku ile hakutaka mwalimu mwingine. Enescu akamweleza kwamba hana nafasi, maana kesho asubuhi mapema anasafiri kwa gari la moshi. Mtoto hakukata tamaa. Akaomba apige wakati Bwana anapofunga mizigo yake.

Kabla ya jua kutoka, mtoto na baba yake walikuwa mlangoni. Enescu akafunga mizigo, mtoto akapiga. Labda Enescu alikumbuka mtoto mwingine aliyesimama zamani mbele ya fundi wa Iași. Alipokwisha kusikiliza, alikubali. Baba wa mtoto alipouliza habari ya malipo, Enescu hakutaka fedha. Alisema kwamba yeye naye atajifunza kwa mtoto.

Siku za kiangazi mwaka ule jamaa ya Menuhin wakamfuata Sinaia. Huko Enescu alikuwa amejijengea nyumba kwa fedha ya fidla, akaiita Luminiș, maana yake mahali palipo wazi na penye mwanga katikati ya msitu. Hapo alimfundisha Yehudi. Hakuwa mwalimu wa fimbo wala wa makelele. Alikaa kwenye piano, akapiga kwa moyo sehemu za vyombo vingine vyote, mwanafunzi akapiga fidla. Pengine aliimba. Alitaka mwanafunzi afahamu muziki wataka kusema nini, kabla ya kuwaza vidole vyake. Kwake vidole vilikuwa watumishi, si mabwana.

Tena hakumfunga mwanafunzi kwake kama mali. Alipoona kwamba Yehudi atafaidiwa na mwalimu wa namna nyingine, alimtuma mwenyewe kwa fundi Mjerumani, Adolf Busch. Mwalimu mwenye wivu hafanyi hivyo.

Mwaka 1932 mwalimu na mwanafunzi walipiga pamoja muziki wa Bach wa fidla mbili, ukanaswa katika sahani za santuri. Enescu alikuwa na miaka 50, Yehudi miaka 16. Ukisikiliza sahani hizo, husikii mkubwa akimwongoza mdogo. Wasikia watu wawili wakizungumza, huyu akinyamaza ili mwenziwe aseme.

Wanafunzi wengine walikuja, wa nchi nyingi. Kati yao walikuwa Arthur Grumiaux wa Ubelgiji, Christian Ferras wa Ufaransa, Ivry Gitlis aliyezaliwa Haifa, na Ida Haendel aliyezaliwa Poland. Wote wakawa wapigaji mashuhuri. Wala hawakufanana, kila mmoja alikuwa na sauti yake. Hiyo ndiyo alama ya mwalimu mwema, kwamba hafanyi sanamu zake mwenyewe, bali huwasaidia wengine kuwa watu.

7. Siku za mwisho

Miaka ya uzee haikuwa myepesi. Maria Rosetti, mwanamke aliyempenda miaka mingi, alishikwa na ugonjwa wa akili. Enescu aliacha kazi kwa muda ili amwuguze, na mwaka 1937 wakaoana. Naye mwenyewe alianza kuugua mgongo. Ulipinda kidogo kidogo, hata mtu aliyekuwa mrefu akatembea akitazama chini. Masikio yake pia, yaliyosikia kila kitu, yalianza kudhoofika.

Vita ya pili ya dunia ilipokwisha, Wakomunisti walianza kushika utawala katika Rumania. Mwaka 1946 Menuhin alikwenda Bucharest kupiga pamoja na mwalimu wake. Mwaka uleule Enescu na mke wake waliondoka kwenda Marekani. Hakuiona tena nchi yake, wala Luminiș, wala mashamba ya Liveni.

Alifundisha New York, akafundisha Ulaya. Hakuwa na mali nyingi, akalazimika kuendelea na kazi hata mwili ulipochoka. Tarehe 21 Januari 1950, katika New York, aliwaaga watu. Jioni ile moja alikuwa mpiga fidla, mpiga piano, kiongozi wa wapigaji na mtungaji. Menuhin alisimama kando yake, wakapiga tena ule muziki wa Bach wa fidla mbili.

Mwaka 1954 alipatwa na ugonjwa wa kupooza. Mkono haukuandika tena. Kulikuwa na kazi moja ambayo haijakwisha, muziki wa vyombo kumi na viwili. Rafiki yake mtungaji, Marcel Mihalovici, akakaa kando yake, akaandika alama za mwisho alizotajiwa. Hivyo namba 33 ilikamilika. George Enescu alikufa Paris tarehe 4 Mei 1955, akazikwa katika makaburi ya Père Lachaise.

Nchi yake haikumsahau. Kijiji alimozaliwa kilipewa jina lake. Mwaka 1958 Bucharest ilianza sikukuu ya muziki kwa heshima yake. Katika sikukuu hiyo ya kwanza Menuhin alisimama mbele ya Warumania, na kando yake David Oistrakh, mpigaji mkubwa kutoka Urusi ya Kisovieti. Siku zile mataifa ya mashariki na ya magharibi yalitazamana kwa chuki na silaha. Lakini watu hawa wawili walipiga muziki wa Bach wa fidla mbili, uleule. Mahali pa mwalimu hapakubaki wazi.

Menuhin naye alipokuwa mtu mzima alifuata njia ile. Mwaka 1963 alianzisha shule huko Uingereza kwa watoto wenye kipaji cha muziki, na hata alipokufa, mwaka 1999, shule hiyo iliendelea. Mroma mmoja alimfundisha mtoto wa Liveni, mtoto wa Liveni akamfundisha Menuhin, na Menuhin akawafundisha wengine. Methali yasema, kutoa ni moyo, si utajiri. Enescu alitamani siku nyingi za kutunga, akapata chache. Zilizobaki aliwapa askari wagonjwa, vijana wasio na fedha, na mtoto aliyebisha mlango alfajiri, nazo hazikupotea.